Hiyo Bure Hulipwa na Nani?

Mfanya kazi wa Uingereza atokaye zamu ya usiku, akifika nyumbani asubuhi na kuvua viatu vyake, anaweza leo kutazama taarifa au mchezo wa kuigiza uliokwisha kuonyeshwa jana yake alipokuwa kazini. Haombi ruhusa ya mtu, wala hangoji kipindi kirudiwe mwisho wa juma. Hufungua simu yake au televisheni yenye intaneti, huchagua kipindi kilichompita, nacho huanza kwa ajili yake peke yake. Jambo hili, ambalo mwanzoni mwa karne hii halikuwapo, limekwisha kuwa la kawaida kama maji ya bomba. Na juu ya mlango wa kila huduma ya namna hiyo pameandikwa neno moja: bure.

Sisi twalipenda neno hilo, wala hatuoni haya kusema hivyo. Mtu mwenye mshahara mdogo alisikiapo neno bure hutega masikio yote mawili. Walakini Waswahili wamekwisha kusema kwamba rahisi ni ghali, na kwa hiyo yafaa tuulize: bure hiyo hulipwa na nani, hulipwa kwa njia gani, na je, yule alipaye ndiye astahiliye kulipa? Twauliza kwa sababu wapo ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaoishi na kufanya kazi huko Uingereza, katika hospitali, maghala na nyumba za kulelea wazee, na barua za kudai leseni ya televisheni huwafikia kama ziwafikiavyo wenyeji. Tena twauliza kwa sababu nyingine itupasayo sisi tulio huku, nayo tutaitaja kabla hatujaweka kalamu chini.

Vituo vikuu vya televisheni vinavyopokewa kwa antena nchini humo ni vinne, na kila kimoja kina mlango wake katika intaneti. BBC ina iPlayer. ITV ina ITVX. Channel 4 ina huduma iitwayo kwa jina la kituo chenyewe. Na kile kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Channel 5 kiliamua mwezi Machi 2025 kujiita 5 tu, hewani na katika intaneti pia. Kwa macho ya haraka hawa wanne ni ndugu wa tumbo moja. Mtazamaji hujiandikisha kwa anwani yake ya barua pepe, hutaja tarehe yake ya kuzaliwa, kisha huingia. Lakini ukiufuata mfuko wa fedha utaona kwamba mama zao ni mbalimbali.

Tuanze na BBC, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, sembuse aliye hodari. Katika hizi nne, iPlayer ndiyo bora. Ilifunguliwa kwa watu wote siku ya Krismasi, 25 Desemba 2007. Hapo kwanza kipindi kilikaa siku saba tu kikaondoka; mwaka 2014 siku hizo ziliongezwa zikawa 30; na mwaka 2019 Ofcom, yaani chombo cha serikali kisimamiacho mawasiliano, kilikubali vipindi vingi vikae mwaka mzima. Hakuna tangazo la sabuni wala la mikopo linalokatiza mazungumzo katikati. Mtu hutazama mwanzo hadi mwisho, hulala. Na mtumishi wa umma aliyeshinda kazini akakosa mjadala wa siku haambiwi alipe zaidi ili aone yaliyosemwa.

Kumbe basi ni bure? La hasha. Ni bure kwa yule tu aliyekwisha kulipa. Hadi mwaka 2016 palikuwa na ufa katika sheria: leseni ya televisheni ilidaiwa kwa mtu atazamaye kipindi wakati ule ule kinapotangazwa, lakini aliyengoja kikapita, akakitazama baadaye katika iPlayer, hakudaiwa kitu. Tarehe 1 Septemba 2016 ufa huo ulizibwa. Tangu siku hiyo kutazama au kupakua kipindi chochote cha BBC katika iPlayer, kiwe cha sasa au cha juma lililopita, kwataka leseni. Ada yenyewe ilipandishwa mwezi Aprili 2025 ikafika pauni 174.50 kwa mwaka kwa kila kaya, na mwishoni mwa Machi mwaka huo leseni zilizokuwa zikitumika zilipita milioni 23. Asiyelipa naye anatazama huhesabiwa kuwa amevunja sheria ya jinai, na mahakama yaweza kumtoza faini hadi pauni 1,000.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea, nasi twaona ni vema kulieleza polepole. Leseni si ya BBC peke yake. Mtu atazamaye kituo chochote wakati kinapotangaza, hata kama anatazama kwa simu, hata kama kituo chenyewe ni ITV isiyopata senti moja ya ada hiyo, hupaswa kuwa na leseni. Lakini mtu huyo huyo akingoja hadi kesho, akafungua ITVX au huduma ya Channel 4 au ya 5 akatazama kipindi kilichokwisha kupita, sheria haimdai. Kwa hiyo mchezo wa Coronation Street ukitazamwa saa ile unapotangazwa hudai leseni, na ukitazamwa asubuhi ya pili yake haudai. Mpaka kati ya halali na haramu si kipindi, wala si chombo, ni saa. Wanasheria wanapopewa kalamu bila ya mtu wa kuwauliza maswali, mambo huwa hivi. Hata mwanafunzi aliyepanga chumba mbali na wazazi wake hulindwa na leseni ya nyumbani kwao, mradi chombo anachotazamia kiendeshwe kwa betri yake ya ndani na kisichomekwe ukutani. Akichomeka waya wa umeme huku kipindi kikiendelea, ulinzi huo wamtoka. Hatutanii, ndivyo masharti yasemavyo.

Bei ijulikanayo ni bora kuliko bei iliyofichwa, na kwa sababu hiyo sisi hatuoni kwamba leseni ni dhambi. Dhambi yake ni nyingine: mkurugenzi wa benki na mwanamke afagiaye ofisi ya benki hiyo hiyo hulipa pauni zile zile, hakuna zaidi hakuna pungufu. Kwa mmoja ni bei ya chakula cha mchana na mgeni. Kwa mwingine ni mshahara wa siku mbili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa muda wa miaka mingi wazee waliopita umri wa miaka 75 walikuwa hawalipi, serikali ikiwalipia. Serikali hiyo ikauondoa mzigo mabegani mwake, ikaupeleka kwa BBC yenyewe, na BBC ikaona kwamba haiwezi kuubeba wote. Tangu Agosti 2020 msamaha huo umebaki kwa wale tu wapokeao msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Wengine wote, akiwamo bibi kizee ambaye televisheni ndiyo sauti pekee isikikayo nyumbani mwake, walirudishwa katika daftari la walipaji.

Na walioshtakiwa ni akina nani? Mwaka 2019 karibu robo tatu ya waliotiwa hatiani kwa kutazama bila leseni huko Uingereza walikuwa wanawake. Si kwamba wanawake ni wakaidi kuliko waume zao. Mkaguzi hubisha hodi mchana, naye aliyeko nyumbani na watoto ndiye afunguaye mlango, ndiye ajibuye maswali, ndiye jina lake liandikwalo. Yeyote aliyepata kuona jinsi kodi ya kichwa ilivyokuwa ikikusanywa atatambua mara moja namna hiyo ya ukusanyaji: hupatikana yule apatikanaye kwa urahisi.

Sasa twende kwa wale watatu wasiodai leseni kwa vipindi vilivyopita. Hao hulipwa na matangazo ya biashara, na matangazo hulipwa na wenye viwanda na maduka, na wenye viwanda na maduka huirudisha gharama hiyo katika bei ya sabuni na ya unga. Hivyo mfanya kazi hulipa tena, ila hajui ni lini wala ni kiasi gani. Juu ya hayo hulipa kwa habari zake mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa aliyoandika siku ya kujiandikisha, na orodha ya vipindi apendavyo, husaidia kuamua ni tangazo gani liwekwe mbele yake. Na atakaye kuyakimbia matangazo, ITV na Channel 4 humwuzia njia ya kuyakimbia kwa malipo ya kila mwezi. Mtu hutengeneza kero, kisha huuza dawa yake.

Walakini tusiwatie wote katika kapu moja. ITV ni kampuni ya wenye hisa. Faida yake huenda kwao. Cha tano ni mali ya kampuni ya Kimarekani ya Paramount, iliyoingia humo mwaka 2014, wakati huo ikiitwa Viacom, na juu yake hatuna mengi ya kusema. Lakini Channel 4, iliyoanza kutangaza mwaka 1982, ni mali ya umma iishiyo kwa matangazo bila ya kupokea ada ya leseni, na haina mwenye hisa wa kugawiwa faida. Serikali iliyopita ilitaka kuiuza. Wafanya kazi wake, watengenezaji wa vipindi na wabunge wengi walipiga kelele, na mwezi Januari 2023 serikali iliacha mpango huo. Tukiulizwa ni huduma ipi kati ya hizi tatu imkaribiayo zaidi mwananchi asiye na leseni, tutaitaja hiyo, kwa sababu ya nani aimilikiye kuliko kwa sababu ya wingi wa vipindi vyake. Mashindano ya kuoka mikate na keki yapendwayo mno na Waingereza yalihama kutoka BBC kwenda Channel 4 mwaka 2017. Mwoneshaji alibadilika, hema likabaki lile lile, na katikati ya unga na mayai yakaingia matangazo. Hiyo ndiyo tofauti ya mifuko miwili, nayo yaonekana kwa macho.

Mtu aweza kutuuliza: mambo haya ya vipindi vya starehe yawahusu nini wafanya kazi, hata gazeti lijaze safu yake? Jibu letu ni mchezo mmoja wa kuigiza. Kwa miaka mingi Posta ya Uingereza iliwashtaki wakuu wa vituo vyake vidogo vidogo kwa wizi wa fedha ambazo hazikuwa zimeibiwa. Mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ndio uliokuwa ukionyesha upungufu wa uongo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliojiua. Gazeti la Computer Weekly lililiandika jambo hilo tangu mwaka 2009, na mahakama kuu iliukemea mtambo huo mwaka 2019; lakini umma kwa jumla haukuamka. Kisha, kuanzia tarehe 1 hadi 4 Januari 2024, ITV ilionyesha mchezo wa sehemu nne uitwao Mr Bates vs The Post Office, juu ya Alan Bates, mmoja wa walioonewa, na wenzake waliokataa kunyamaza. Waliokosa sehemu ya kwanza hawakuikosa tena. Waliifuata katika ITVX, wakazungumza kazini, na wenzao nao wakaenda kuitafuta. Katika majuma machache serikali iliyokuwa ikisitasita iliahidi sheria, na tarehe 24 Mei 2024 sheria ya kufuta hukumu hizo ilitiwa sahihi.

Hapo ndipo ilipo faida ya mlango ulio wazi siku zote. Habari iliyopita hewani saa tatu usiku haikupotea kwa sababu mtu alikuwa zamu. Lakini sikilizeni na upande wa pili: wakuu wa ITV walisema hadharani kwamba mchezo ule, uliotazamwa na mamilioni, uliwatia hasara. Wenye matangazo hawakulipa fedha za kutosha, na wanunuzi wa nchi za nje hawakuona kwamba kisa cha karani wa posta wa kijijini chaweza kuuzika kwao. Basi kitu kilichowafaa wananchi kuliko vyote mwaka ule hakikuweza kujilipia katika soko. Wale wasemao kwamba matangazo ya biashara yatosha kulea televisheni ya nchi na watueleze habari hiyo.

Yako pia makosa ya wakubwa, tena ya ukaidi. Mwishoni mwa mwaka 2007 BBC, kwa njia ya kampuni yake ya biashara, pamoja na ITV na Channel 4, waliafikiana kujenga mlango mmoja wa pamoja katika intaneti. Mpango uliitwa Kangaroo. Mwezi Februari 2009 Tume ya Ushindani iliuzuia, kwa hoja kwamba watatu hao wakiungana watawanyima wengine nafasi sokoni. Mtambo wao uliuzwa, ukafunguliwa mwaka 2010 kwa jina la SeeSaw, ukafa mwaka uliofuata. Mwezi Januari 2012 Netflix ya Marekani iliingia Uingereza na kuikuta nafasi ile i wazi, imefagiliwa na serikali yenyewe. Tume ilikuwa ikimlinda nani? Iliwatazama paka watatu wa nyumbani, ikaogopa wasije wakala panya wote, na simba akapita mlango wa nyuma.

Ilichukua miaka kumi na mitano kurudi pale pale. Tarehe 30 Aprili 2024 BBC, ITV, Channel 4 na 5 walifungua Freely, huduma ya pamoja inayoleta vituo vyao kwa intaneti bila antena na bila malipo ya mwezi. Na Mei 24 ya mwaka huo, siku ile ile iliyofutwa hukumu za watu wa posta, ilitiwa sahihi pia Sheria ya Vyombo vya Habari, ambayo shabaha yake moja ni kuwalazimisha watengenezaji wa televisheni za intaneti waziweke huduma za vituo vya umma mahali pa kuonekana upesi. Maana siku hizi mwenye mlango si mtangazaji tena. Ni kampuni iliyotengeneza televisheni, nayo huweza kumweka mbele ya macho yako yule aliyemlipa, na yule mwingine ikamtupa ukurasa wa nne.

Bali Freely nayo yataka intaneti ya nyumbani, na intaneti haiji bure. Msomaji wetu wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa hilo. Anajua bando huisha lini, na kwa kawaida huisha kabla ya kipindi. Huko Uingereza antena bado ipo, na serikali imeahidi kwamba itakuwapo angalau hadi mwaka 2034. Baada ya hapo hakuna ahadi. Siku antena itakapozimwa, kila mzee na kila kaya maskini itapaswa kulipa kampuni ya simu kwanza ndipo ipate kutazama kile kinachoitwa cha bure. Chama chochote cha wafanya kazi kilicho macho kingelishika jambo hilo sasa, si mwaka 2033.

Lililo karibu zaidi ni mwaka 2027. Hati ya Kifalme iipayo BBC uhai hukoma mwisho wa mwaka huo, na mabishano juu ya leseni yamekwisha kuanza. Wako watakao BBC iuzwe kwa mwezi kama Netflix. Wako watakao matangazo. Sisi twasema yatazamwe kwanza yaliyofanywa na majirani zao. Ufaransa iliifuta ada yake mwaka 2022 na kulipa kutoka katika kodi nyingine. Hapo mtangazaji huishi kwa kuangalia uso wa waziri wa fedha kila mwaka. Ujerumani tangu 2013 hudai kila kaya, iwe na televisheni au isiwe nayo, ila huwasamehe wapokeao misaada. Finland, mwaka huo huo wa 2013, iliweka kodi ya utangazaji ifuatayo mapato ya mtu: mwenye kidogo sana halipi, mwenye kingi hulipa zaidi hadi kikomo kilichowekwa, na huduma ya Yle Areena huwa wazi bila mkaguzi kubisha hodi mchana. Katika njia hizo tatu sisi twachagua ya Finland, wala hatuoni kwa nini nchi tajiri kama Uingereza ishindwe na kitu kinachowezwa na nchi yenye watu wasiofika milioni sita.

Na sasa lile tulilosema latupasa sisi. Mtu akiifungua iPlayer akiwa Tanga au Kisumu hatapata kutazama vipindi vyake vya televisheni, maana vimefungiwa ndani ya mipaka ya Uingereza. Lakini Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, ni sehemu ya Idhaa ya Dunia, na Idhaa ya Dunia, iliyokuwa ikilipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, tangu Aprili 2014 hulipiwa kwa sehemu kubwa na ada ile ile ya leseni, pamoja na ruzuku ya serikali iliyorudishwa baadaye. Kwa maneno mengine, asikilizaye Dira ya Dunia jioni katika daladala hulipiwa na mfagiaji wa benki wa Leeds, ambaye hajui neno moja la Kiswahili na ambaye hakuulizwa. Watakapoketi London kuamua BBC ilipwe na nani baada ya mwaka 2027, idhaa za lugha za kigeni zitakuwamo katika hesabu hiyo, na wasikilizaji wake hawana kura huko.